Kitufe Kilichozimwa Kina Haki ya Kunyamaza?

Ukiandika `<button>Tuma</button>` katika ukurasa wa HTML, umepata kitufe. Ongeza neno moja, `<button disabled>Tuma</button>`, na kitufe kilekile kinazimika: rangi inafifia, ukikigusa hakijibu, na anayetembea ndani ya fomu kwa kibodi anavushwa juu yake kana kwamba hakipo. Neno hilo liliingia rasmi katika kanuni za HTML 4.0, Desemba 1997, pamoja na jirani yake, readonly. Halihitaji thamani yoyote. Likiwepo tu, limezima. Anayeandika disabled="false" akidhani amekiwasha kitufe amekizima vilevile, na wanafunzi wengi wamekesha na jambo hilo.

Kinacholeta ubishi zaidi ni mtindo huu: fomu inafunguka, kitufe cha kutuma ni cha kijivu, na kitabaki hivyo mpaka kila kisanduku kijazwe sawasawa. Wengi wamekutana nao wakiomba mkopo au wakisajili biashara. Nimewaweka hapa watu watatu wa kubuni waubishanie: Fundi, anayetengeneza fomu; Dada, anayepokea simu za wateja walioshindwa kuzijaza; na Mwalimu, mtu asiyeona, anayesoma kurasa kwa kisoma skrini. Mimi nitaingilia pale uvumilivu utakaponishinda.

Fundi: Nianze mimi, maana najua ndiye mshtakiwa. Kitufe nakizima kwa sababu fomu haijakamilika. Kama namba ya simu ina tarakimu saba tu, kubonyeza Tuma kunasaidia nini? Ombi litasafiri hadi kwenye seva, litarudi na makosa, na mteja atakuwa amekula bando lake bure. Namwokoa. Kijivu kinamwambia: bado, endelea kujaza.

Dada: Kinamwambia nani, kaka? Mimi ndiye niliye na simu sikioni. Hajawahi kunipigia mtu akasema kijivu kimemweleza kwamba bado. Wanachosema ni "mtandao wenu umeganda."

Fundi: Hao ni mmoja mmoja.

Dada: Basi chukua mfano huu. Namba ya NIDA, ile ya kitambulisho cha taifa, ina tarakimu 20. Kwenye kitambulisho imechapwa kwa mafungu yaliyotengwa na vistari: nane, tano, tano, mbili. Mtu ameshika kadi mkononi, ananakili anachokiona, vistari na vyote. Sasa alama zimekuwa 23. Skripti yako inahesabu, inataka 20, inakataa kimyakimya. Kitufe hakiwaki. Yeye anaangalia kadi, anaangalia kisanduku, namba ni ileile. Atajuaje kwamba ugomvi wako ni na vistari?

Fundi: Hilo ni jepesi. Naweka kikomo cha alama 20 kwenye kisanduku, haiwezi kuzidi.

Dada: Hesabu vizuri. Nane, kistari, tano, kistari, tano. Hizo tayari ni 20. Kistari cha mwisho na tarakimu mbili za mwisho zinamezwa, yeye haoni. Skripti inahesabu, inakuta 20 kamili, kitufe kinawaka. Mteja anatuma namba yenye tarakimu 18, nawe umemwashia taa ya kijani.

(Dawa ya vistari, kwa kuwa tumevitaja, ni mstari mmoja wa msimbo unaoviondoa pamoja na nafasi kabla ya kuhesabu. Kompyuta inaweza kufuta kistari. Sioni kwa nini kazi hiyo apewe bibi aliyeko Mpanda.)

Fundi: Sawa, nitaandika chini ya kisanduku: "Tarakimu 20, bila vistari." Maelezo yapo. Kitufe nakiacha kimezimwa vilevile.

Mwalimu: Ukishatoa maelezo, kuzima kunaongeza nini? Maana kwangu mimi kunapunguza. Natembea kwa Tab. Jina, Tab, simu, Tab, anwani, Tab, halafu nasikia "Sera ya faragha." Nimeshafika chini kabisa ya ukurasa. Kitufe cha kutuma nimekivuka bila habari. Ni kweli kwamba nikirudi juu kwa mishale, mstari kwa mstari, nitakikuta. VoiceOver kwenye iPhone itaniambia kwamba kimefifia. Kufifia! Mimi na kufifia tunajuana wapi? Nataka kujua kwa nini.

Fundi: Lakini Mwalimu, hata miongozo ya upatikanaji inaniruhusu. WCAG inataka maandishi ya kawaida yatofautiane na mandhari yake kwa 4.5 kwa 1, ila vitu visivyofanya kazi kwa wakati huo imevisamehe.

Mwalimu: Imevisamehe, ndiyo. Kusamehewa hakukifanyi kisomeke. Mwenye macho mazima akisimama na simu yake juani pale Kariakoo saa saba mchana, maandishi ya kijivu juu ya kijivu yatampotea sawasawa na yanavyompotea mwenye mtoto wa jicho. Wewe umepata ruhusa. Yeye hajapata kitufe.

Dada: Unamjua yule karani wa dirishani anayekurudishia bahasha bila kusema ni karatasi gani imepungua? Umemtengeneza, kaka, na umemweka kwenye simu ya kila mtu.

Hapa naingilia, kwa sababu kuna jambo ambalo Fundi analijua na hajalisema. HTML5, iliyopitishwa na W3C, shirika la viwango vya wavuti, Oktoba 2014, ilileta neno required na wenzake. Ukiliandika kwenye kisanduku, kivinjari chenyewe kinakuwa mlinzi: mtu akibonyeza Tuma huku kisanduku hicho kiko wazi, fomu haiendi, mshale unarukia kwenye kisanduku cha kwanza chenye kasoro, na ujumbe mfupi unatokea hapohapo. Kazi yote hiyo ni ya bure, hakuna skripti hata moja. Lakini inaanza kwa kubonyeza. Kitufe kilichozimwa hakibonyezeki, kwa hiyo msaada huo haufiki kamwe. Hata ukibonyeza Enter ukiwa ndani ya kisanduku, kitufe kikuu cha fomu kikiwa kimezimwa, fomu haisogei na hakuna anayekwambia neno. Fundi anamfukuza mlinzi wa bure, kisha anaandika mistari mia ya JavaScript kumtafutia mbadala. Kasoro moja ya mlinzi huyo naikubali: anasema lugha ya kivinjari, na simu nyingi zetu zimewekwa Kiingereza. Kuna njia ya kumpa maneno ya Kiswahili, kupitia setCustomValidity, na inastahili usumbufu wake.

Mwalimu: Na skripti yenyewe isipofika?

Fundi: Isipofika vipi?

Mwalimu: Ukurasa umefika na neno disabled limeshaandikwa ndani yake. Skripti ya kukiwasha kitufe bado iko njiani, mtandao unakatika, haifiki. Mtu anajaza kila kitu kwa usahihi, kisanduku hadi kisanduku, na kitufe hakitawaka hata akikesha. Kama lazima uzime, basi skripti ndiyo izime baada ya kufika. Aliyewasha na aliyezima wawe mtu mmoja.

Fundi: Hilo nalichukua. Lakini kuna njia ya katikati. Badala ya disabled natumia aria-disabled="true". Kitufe kinabaki kwenye njia ya Tab, kisoma skrini kinasema hakifanyi kazi kwa sasa, na mtu akikibonyeza namweleza kilichopungua.

Mwalimu: Hiyo afadhali. Ila usisahau kwamba neno hilo ni tangazo tu, halizuii chochote. Kitufe kitabonyezeka, Enter itatuma fomu, mpaka wewe mwenyewe uzuie pale fomu inapotaka kuondoka. Na kama nikikibonyeza unaniambia kilichopungua, kwa nini unitangulizie kwamba hakifanyi kazi? Kinafanya kazi. Kazi yake ni kunijibu.

Fundi: Haya. Lakini kuna mahali hamnitoi, nyote wawili. Malipo. Mtu amebonyeza Lipa, mtandao unasuasua, kimya, anabonyeza tena. Pesa imekatwa mara mbili. Simu hiyo, dada, unaipokea wewe.

Dada: Naipokea. Na hakuna simu mbaya kama hiyo. Hapo zima.

Mwalimu: Unakizima wakati gani hasa?

Fundi: Kikibonyezwa tu, palepale.

Mwalimu: Na fomu inaondoka?

Swali la mtego, na ni zuri. Ukikizima kitufe ndani ya tukio la kubonyeza lenyewe, Chrome inaona kitufe kimezimwa kabla haijaituma fomu, basi haiitumi. Mteja mmoja, mbonyezo mmoja, malipo sifuri. Mahali pa kuzimia ni kwenye tukio la submit, fomu inapokuwa imeshaamua kuondoka. Hata hapo kuna shimo jingine. Kanuni ya HTML inasema kitu kilichozimwa hakipeleki thamani yake kwenye seva, na orodha ya vitakavyopelekwa hutengenezwa baada ya tukio hilo. Kama fomu ina vitufe viwili, Hifadhi na Wasilisha, vyenye jina moja na thamani tofauti, seva itapokea fomu bila kujua kipi kilibonyezwa. Ndiyo maana mafundi waliokwisha kuumwa husubiri kidogo kwa setTimeout kabla ya kuzima. Na Firefox ina tabia yake: mtu akiupakia upya ukurasa, inakumbuka kwamba kitufe kilikuwa kimezimwa na kukirudisha hivyohivyo, hadi uandike autocomplete="off". Mtu ameona mambo yamekwama, amefanya lile ambalo kila mtu hufanya, kupakia upya, na kitufe bado kimelala.

Fundi: Kwa hiyo tukubali pesa zikatwe mara mbili?

Mwalimu: Hapana. Kinga ya pesa isikae kwenye rangi ya kitufe. Kila fomu itoke na namba yake ya siri iliyotolewa na seva. Ikirudi mara ya kwanza, malipo yanafanyika. Ikirudi mara ya pili, seva inaitambua, inatoa jibu lilelile la kwanza, haikati kitu. Hapo hata akifungua kurasa mbili, hata akirudi nyuma na kubonyeza upya, ni malipo ya mara moja.

Dada: Na kwenye skrini?

Mwalimu: Andika "Tunatuma malipo yako, subiri." Kitufe kiache macho lakini kipuuze mbonyezo wa pili. Serikali ya Uingereza, katika mfumo wake wa GOV.UK, inafanya hivyo: kitufe kinaweza kupangwa kipuuze mbonyezo unaofuata ndani ya sekunde moja. Vitufe vilivyozimwa wanashauri viepukwe inapowezekana, kwa sababu havisomeki vizuri na vinawachanganya baadhi ya watu.

Fundi: Uingereza wana mtandao.

Dada: Na wazee wanao.

Mwalimu: Na kitu kingine ambacho nyinyi hamkioni kwa sababu mnatumia vidole. Ukikizima kitufe nikiwa nimesimama juu yake kwa kibodi, ardhi inaondoka. Sijui niko wapi kwenye ukurasa. Nabonyeza Tab, na inategemea kivinjari kitakavyoamua kunitua.

Upande wangu, kwenye malipo niko nusu na Fundi. Kitufe kinachobaki kimewaka baada ya kubonyezwa kinamchochea mtu aliyejawa na wasiwasi akibonyeze tena, na sio kila ofisi ina mtu wa seva anayejua kutengeneza hiyo namba ya siri. Lakini asiyenayo asijidanganye kwamba kijivu kimemkinga.

Fundi: Sasa ngoja niwaonyeshe mahali ambapo kuzima ni haki. Mkoa, wilaya, kata. Kabla hujachagua mkoa, orodha ya wilaya haina kitu ndani. Niiache wazi mtu aifungue akute utupu?

Dada: Hapo huna ubaya. Hakuna cha kuchagua.

Mwalimu: Nami sina neno. Nikichagua mkoa, wilaya inawaka, na ndiyo inayofuata kwenye Tab. Ila andika ndani yake "Chagua mkoa kwanza", kwa ajili ya anayeanza katikati.

Fundi: Na sehemu ya mdhamini. Naiweka yote ndani ya fieldset, naandika disabled mara moja juu, visanduku vyote vya ndani vinazimika. Sihitaji kugusa kimoja kimoja.

Hapa Fundi anastahili kusifiwa, maana ametaja moja ya sehemu nzuri zaidi za HTML na wengi hawaijui. Fieldset ni uzio unaokusanya visanduku vinavyohusiana, na legend ni kichwa chake. Uzio ukizimwa, vyote vilivyomo vinazimika, isipokuwa vile vilivyo ndani ya legend ya kwanza. Walioandika kanuni walikusudia hivyo. Unaweza kuweka ndani ya kichwa hicho kisanduku cha tiki chenye maneno "Nina mdhamini", nacho kitabaki hai wakati sehemu yote iliyo chini yake imelala. Mtu akiweka tiki, sehemu inaamka. Sababu ya kulala na njia ya kuamsha vimeandikwa palepale juu ya mlango. Na kwa kuwa vilivyozimwa havikaguliwi, required iliyomo kwenye jina la mdhamini haitamsumbua asiye na mdhamini. Wala visanduku vitupu havitasafiri kwenda kwenye seva.

Fundi: Na "Tuma tena namba ya uthibitisho". SMS ina gharama. Nakizima kwa sekunde 60 na hesabu inashuka: 59, 58...

Dada: Imekubaliwa. Anaona anasubiri nini.

Mwalimu: Imekubaliwa, ila kisoma skrini kisinisomee kila sekunde. Niambie mwanzo, niambie mwisho.

Dada: Mnaelewana mno sasa, mimi bado nina langu. Yale majina matupu. Mteja anaingiza namba ya kitambulisho, jina linajitokeza lenyewe, kisanduku kimefungwa asilibadilishe. Vizuri. Lakini maombi yakifika ofisini, mahali pa jina hapana kitu.

Fundi: Kwa sababu lilikuwa limezimwa. Lilitakiwa liwe readonly. Kisanduku cha readonly hakibadilishwi, lakini Tab inakifikia, maandishi yake yananakilika, na thamani yake inasafiri.

Dada: Basi weka hiyo kila mahali.

Fundi: Haikubali kila mahali. Kwenye orodha ya kuchagua haifanyi chochote, kwenye tiki pia haifanyi chochote. Ndiyo maana watu wanazima orodha, halafu wanaficha kisanduku kingine pembeni kibebe thamani ileile.

Mwalimu: Kama siwezi kulibadilisha, kwa nini mmeliweka kwenye kisanduku? Kisanduku ni mwaliko wa kuandika. Andikeni tu kama sentensi, "Maombi haya ni ya" fulani, tuendelee. Na kwa nini lisafiri? Jina limetoka kwenye seva yenu. Mnamtuma mteja awarudishie kitu ambacho tayari mnacho.

Fundi: Ili tuhakikishe ni lilelile.

Mwalimu: Akilibadilisha njiani?

Fundi: Limefungwa, Mwalimu.

Mwalimu: Limefungwa kwenye kivinjari chake. Abonyeze F12, msimbo wa ukurasa umfungukie, afute neno disabled, au afute readonly, aandike anachotaka, atume. Haihitaji ujuzi wa kutisha. Vijana wa sekondari wanafanya. Leo ni jina. Kesho mtu ataweka bei ya bidhaa kwenye kisanduku kilichofungwa, seva iiamini, na mteja atanunua jokofu kwa shilingi mia.

Hilo halina ubishi, na Fundi hakubisha. Kila kinachozimwa kwenye ukurasa ni adabu kati ya tovuti na mgeni wake. Ukaguzi wa kweli unafanyika upande wa seva, mara ya pili, kana kwamba ukurasa haukuwepo. Jambo la ajabu ni kwamba ofisi zinazozima vitufe kwa ukali zaidi mara nyingi ndizo zinazokagua kidogo zaidi kule nyuma, kwa kuwa zinajiona zimeshafunga mlango wa mbele.

Fundi: Swali la mwisho. Bosi wangu anataka kitufe kiwe kijivu mpaka mtu aweke tiki ya "Nakubali masharti". Anasema ndivyo mwanasheria alivyotaka.

Dada: Mwanasheria alitaka mtu akubali. Rangi hakuitaja.

Mwalimu: Kiache kimewaka. Nikibonyeza bila tiki, nirudishe kwenye tiki, uniambie.

Fundi: Nikwambie kwa maneno gani?

Dada: "Weka tiki hapa kama umeyakubali masharti." Usiandike "Hitilafu 422." Mwezi uliopita nilisomewa hiyo kwenye simu na mzee mmoja, akaniuliza kama ndiyo salio lake.